Picha ya Shamba Isiwe Shahidi wa Uongo
Somo la robo hii kwa kamati za miradi za sharika na kwa marafiki wetu wanaotuunga mkono

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tumelichukulia kuwa dogo, nalo ni kupiga picha za mazao. Tumezoea kufundishana juu ya mbegu, nafasi, samadi na palizi. Picha tumeiacha iwe kazi ya mwisho, ya yule mwenye simu nzuri, siku mgeni anapokuja au taarifa inapodaiwa. Tunaomba mtuvumilie tukieleza kwa nini tumebadili mawazo. Tulijifunza kwa kukosea, na kosa lilikuwa la ofisi yetu wenyewe.

Picha iliyokula mbegu

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mradi wa mbegu za mahindi za muda mfupi katika mashamba ya ukanda wa chini. Kwa wasioijua Kilimanjaro, familia nyingi za mlimani zina sehemu mbili za kulima. Kuna kihamba, yaani eneo la nyumbani kwenye mteremko, lenye migomba, kahawa na mboga. Kisha kuna shamba la tambarare, mbali na nyumbani, ambako hulimwa mahindi na maharage wakati wa masika. Mwaka ule masika ilianza vizuri mwezi Machi, ikakatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Wakulima mnajua maana yake. Shina linabaki limesimama, lakini gunzi halina punje.

Mwenzetu mmoja wa ofisini alishuka huko na kamera, akampiga picha mama mmoja mjane akiwa amesimama kati ya mahindi yaliyompita kimo. Picha ilikuwa nzuri kweli, tukaiweka ukurasa wa mbele wa jarida. Hatukuandika kwamba mahindi yale yalikuwa kwenye kona ya shamba, pale maji ya mfongo yanapovuja na kutuama. Kona yenyewe haikuzidi hatua kumi kila upande. Ekari nzima ilimpa debe saba.

Wahisani walifurahi na kutuandikia kushukuru. Msimu uliofuata tulipoomba nyongeza ya mbegu kwa wakulima wale wale, walituuliza kwa upole, na kwa haki, mbona mahindi yalikuwa yamestawi. Hilo tuliweza kulieleza kwa barua. Lililotuuma ni jingine. Kamati iliyokuwa ikipanga majina ya watakaopata mbegu nayo ilikuwa imesoma jarida. Jina la mama yule likakatwa, kwa maelezo kwamba mahindi yake yalistawi hadi yakatoka kwenye gazeti. Alikuja ofisini mwenyewe. Alitusalimu, akaketi, akasema: “Wanangu, mlinipiga picha nzuri. Sasa picha hiyo imekula mbegu zangu.” Tulihangaika tukampatia mbegu, lakini zilimfikia wiki mbili baada ya mvua za kupandia.

Hakuna aliyesema uongo katika habari hii. Mama alikuwa wa kweli, shamba lake la kweli, na mahindi yalikuwa marefu kama yalivyoonekana. Sisi tuliofundishwa Katekisimo Ndogo tunajua kwamba amri ya nane inahusu ushuhuda juu ya jirani. Hatukuwahi kufikiri kwamba unaweza kumponza jirani kwa kumsifia.

Hesabu itangulie picha

Ekari moja, kama tunavyoipima huku kwetu, ni hatua 70 kwa 70. Kona ya hatua kumi kwa kumi ni sehemu moja tu kati ya 49 za ekari hiyo. Tuitazame pia kwa hesabu ya mashina. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shina na shina, mmea mmoja kila shimo, utapata mimea kama 18,000 kwa ekari. Ukipanda 90 kwa 50, mimea miwili kila shimo, utapata idadi ile ile. Picha ya mtu aliyesimama shambani huonyesha mashina kumi, labda ishirini. Ni nani aliyechagua hayo ishirini kati ya 18,000? Kwa kawaida ni mpiga picha, naye huchagua mazuri. Akiwa na huzuni ya kuombea msaada, huchagua mabaya. Yote mawili ni makosa.

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mahali pa kupiga picha pasichaguliwe na jicho. Andikeni namba 1 hadi 70 kwenye vikaratasi, vitieni ndani ya kofia, mtoto achomoe viwili. Cha kwanza ni hatua za kutembea kufuata urefu wa shamba, cha pili ni hatua za kuingia ndani kwa upana. Mtakapoishia, hapo ndipo. Ikiwa ni penye kichuguu, basi ni penye kichuguu. Wazee wa kamati moja walicheka sana tulipofanya hivi mbele yao, wakasema tunapiga ramli. Baada ya mashamba matatu waliacha kucheka, kwa sababu picha zilizotoka zilifanana na mavuno waliyoyajua.

Palipoangukiwa na kura, pimeni kipande cha mita 5 kwa mita 5. Ili pembe zisipinde, hakikisheni kamba ya mshazari ina mita 7 na sentimita 7. Hesabuni mashina. Kwa nafasi tulizozitaja mngetegemea kukuta kama 111. Mkikuta 70, tayari mmejua habari ambayo picha haitawaambia: mbegu hazikuota, au panya na ndege walizila, au mpandaji aliruka mashimo. Wakati wa mavuno vuneni kipande hicho peke yake, pukuchueni, kausheni, pimeni. Ekari ina vipande kama hivyo 162 hivi. Kilo tatu kwa kipande ni kama kilo 486 kwa ekari, yaani karibu magunia matano ya kilo mia. Shamba la mama yule, kwa debe zake saba, lisingefikisha hata kilo moja kwa kipande. Kipande kimoja hakitoshi kuhukumu ekari nzima. Chukueni viwili au vitatu kila mnapoweza.

Kigingi

Baada ya kura, pigeni kigingi. Kiwe cha mti usioliwa na mchwa, kipakwe rangi kichwani, na kiandikwe upande kamera inakoelekea: mlimani, mtoni, kanisani, ilimradi ni kitu kisichohama. Picha zote za msimu zipigwe kutoka hapo, kamera ikiwa kwenye kimo cha kifua, ikielekea upande ule ule. Kwa mahindi picha nne zinatosha: wiki mbili baada ya kuota, yanapofika magotini, yanapotoa mbelewele, na siku ya kuvuna. Wekeni kwenye picha fimbo ya mita moja yenye alama kila sentimita kumi. Mtu hafai kuwa kipimo, kwa maana kuna warefu na wafupi.

Faida ya kurudi mahali pale pale imeonekana vizuri kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion kuhusu iliyokuwa Wilaya ya Machakos. Katika miaka ya 1930 vilima vya huko vilikuwa vimekwanguliwa na mmomonyoko, na picha zilipigwa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye vilima vile vilipigwa picha tena. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na wengi wangetarajia kuona jangwa. Picha mpya zilionyesha makinga maji, miti na mashamba yaliyotunzwa. Maneno peke yake yasingewashawishi watu. Ilihitajika kilima kile kile kitazamwe mara mbili.

Kwetu tumeipoteza nafasi kama hiyo. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walipiga picha nyingi, na Chuo Kikuu cha Southern California kimeziweka kwenye intaneti kila mtu azione. Tumezitazama kwa furaha. Lakini nyingi kati ya zile tulizoziona hazisemi mpiga picha alisimama kwenye kihamba gani wala mwaka gani hasa, na hatuwezi kurudi pale. Wajukuu wetu wasije wakatulaumu kwa kosa hilo hilo, ilhali sisi tuna simu zenye saa na kalenda.

Jani lipi, upande upi

Picha nyingine tunazopokea ofisini ni za maombi ya ushauri: mazao yanaumwa, afisa ugani yuko mbali, mkulima anatuma picha. Asilimia kubwa ya picha hizo hazitusaidii. Huwa ni jani moja lililokatwa, limewekwa juu ya meza, limesinyaa. Hatujui lilitoka wapi kwenye mmea, na hilo ndilo swali la kwanza la mtaalamu. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni huanza kuwa ya njano kwenye majani ya chini, njano ikianzia nchani na kufuata mshipa wa kati kama herufi V. Njano ikianza kwenye majani machanga ya juu, fikirieni upungufu wa salfa. Jani lililokatwa haliwezi kukuambia hayo. Pigeni kwanza shamba, kisha mmea mzima kuanzia ardhini hadi juu, halafu ndipo jani likiwa bado kwenye shina lake.

Kiwavijeshi vamizi alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha thibitishwa Tanzania. Picha ya mahindi yaliyotobolewa haitoshi kumtambua, kwa sababu wapo wadudu wengine wanaotoboa. Mtafuteni ndani ya moyo wa shina, asubuhi na mapema au jioni, mumweke kwenye kiganja, mpige picha kichwa na mkia. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Picha mbili za namna hiyo zinaokoa siku kadhaa za kubahatisha dawa.

Kwa kahawa, geuzeni jani. Kutu ya majani huonyesha madoa ya njano tu upande wa juu, lakini unga wake wa rangi ya chungwa uko upande wa chini. Chulebuni itafuteni kwenye buni mbichi, ambako huacha madoa meusi yaliyobonyea. Usipige picha ya buni zilizoanguka chini peke yake, maana buni huanguka kwa sababu nyingi.

Muhogo una hila zaidi. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na washirika wake. Unaielekeza kwenye jani nayo inakusaidia kutambua batobato au michirizi kahawia, hata pasipo intaneti. Tunaipendekeza kwa vijana wa sharika. Hata hivyo michirizi kahawia inaweza kuozesha mizizi chini wakati majani yanapendeza machoni, na mkulima akaja kujua siku ya kung'oa. Kwa hiyo kamati inayoleta taarifa ya muhogo ilete pia picha ya mizizi iliyokatwa vipande. Picha ya majani ya kijani hatutaipokea peke yake.

Kihamba hakipigiki kirahisi

Tulipopanda kutoka tambarare kuja kwenye bustani za nyumbani, tulikuta kanuni zetu nzuri za kamba na kura hazifanyi kazi sawasawa. Rafiki mmoja aliyetumiwa picha ya kihamba kilichotunzwa vizuri aliuliza: “Huu ni msitu, bustani iko wapi?” Hatukumlaumu. Juu kabisa kuna mringaringa na mgrevilea. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Pembeni kuna banda la ng'ombe ambaye samadi yake ndiyo inayoendesha yote. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Lakini kwenye picha moja ni majani tu, juu ya majani mengine.

Njia tuliyoiona inafaa ni kusimama mpaka wa chini wa kihamba na kutazama juu ya mteremko, ili tabaka zipandane badala ya kufichana. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua. Jua likipenya kati ya majani hutupa mabaka meupe na meusi, na kamera hushindwa kuamua ifuate lipi. Mashambani tunasema kinyume: pigeni saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni kwenu, kwa maana jua la saa sita liko karibu utosini na hufanya majani yameremete na nyuso ziwe nyeusi. (Jua likiwa mgongoni angalieni kivuli chenu. Tuna picha nyingi nzuri za kivuli cha mratibu.)

Kisha fuateni mti mmoja mmoja. Fungeni kibati chenye namba kwenye mikahawa mitano na mashina matano ya migomba, mpige hayo hayo kila robo. Kwa migomba pigeni kutoka chini, ili ionekane kama shina lina mama, binti na mjukuu kama tunavyofundishwa, au lina machipukizi kumi yanayonyang'anyana chakula. Pamoja na picha chorane ramani ya kihamba kwa mkono, mwenye kihamba akitaja kila kitu kilipo. Mara nyingi ramani hiyo, iliyochorwa kwenye daftari la mtoto wa shule, imetufundisha kuliko picha.

Bustani ya gunia ya mchicha, mnavu au sukuma wiki ina shida nyingine. Inapendeza siku inapopandwa, na siku hiyo ndiyo hupigwa picha. Lakini mboga ya gunia hukatwa kila wiki, na bustani inayolisha watoto vizuri mara nyingi huonekana imenyolewa! Akina mama wa usharika mmoja walitupatia jawabu ambalo hatukulifikiria. Wao hupiga picha ya sinia. Sinia lile lile, mboga za siku hiyo juu yake, kila Jumamosi. Baada ya miezi mitatu walitandaza picha kumi na mbili mezani, na kila mtu aliona wiki ambazo maji yalikosekana.

Simu na ruhusa

Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Msivute picha kwa vidole, sogeeni karibu. Mkituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ubora hupungua, na tarehe iliyofichwa ndani ya picha huondolewa. Itumeni kama faili, au andikeni tarehe, jina la mtaa na namba ya kigingi kwenye karatasi iliyoshikwa ndani ya picha. Karatasi hiyo haihitaji teknolojia yoyote.

Simu nyingi zinaweza pia kuficha ndani ya picha mahali ilipopigwa, na mahali hapo ni nyumbani kwa mtu. Ombeni ruhusa kabla, mkieleza picha itakwenda wapi na nani ataiona, si “tunapiga picha kidogo tu, mama.” Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jarida la dayosisi halina msamaha. Mkulima akikataa uso wake, zao litatosha. Naye aone picha kabla haijaondoka shambani. Mama yule angeiona ile yetu, angetuambia palepale kwamba kona ile si shamba lake lote.

Kwenu marafiki mnaotuchangia tuna ombi moja. Kuanzia sasa mtapokea kutoka kwetu baadhi ya picha za mahindi mafupi na mapengo ya mistari. Msidhani tumelegea. Tuulizeni kigingi ni namba ngapi na kipande kilitoa kilo ngapi.

Kazi ya robo hii

Kila kamati ipige vigingi katika mashamba matatu ya tambarare na kuweka vibati katika vihamba viwili, mvua za kupandia zisiwakute bado. Tutatembelea kila jimbo tukiwa na kamba, mizani na vitabu vya kuandikia. Kwa kujadiliana katika kikao chenu kijacho: Je, kuna mtu katika usharika wenu aliyenyimwa au kupewa kitu kwa sababu ya picha? Ni nani huchagua wa kupigwa picha wageni wanapokuja, na kwa nini mara nyingi ni yule yule? Katika taarifa yenu ya mwaka uliopita, ni picha ngapi ambazo mnaweza kurudi leo mkasimama mahali pale pale zilipopigwa?